Gertrude Käsebier, mama wa studio ya Fifth Avenue: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jina la Gertrude Käsebier likitajwa mbele ya wapiga picha wa studio au wanafunzi wa historia ya picha, maswali yanayofuata huwa ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa, ya msingi yakitangulia na magumu yakifuata. Jambo lililokwisha kuelezwa mahali pengine sikulirudia, nimeelekeza tu. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: huyu mama alikula kwa jasho la studio, na anayemsifia sanaa huku akiificha biashara yake anamsoma nusu.

## Mambo ya msingi

Gertrude Käsebier alikuwa nani hasa?

Ni mpiga picha wa Marekani aliyezaliwa tarehe 18 Mei 1852 mjini Des Moines, jimbo la Iowa, akafariki New York mwezi Oktoba 1934. Alifungua studio yake New York mwishoni mwa miaka ya 1890, umri ukiwa umeshafika miaka 45 hivi na watoto watatu mkononi. Haikupita miaka miwili jina lake likawa limeenea. Mwaka 1899 Alfred Stieglitz, mhariri ambaye neno lake lilikuwa na uzito kuliko la mtu yeyote katika picha za Marekani, aliandika kwenye jarida la Camera Notes kwamba, bila ubishi, huyu ndiye kinara wa potreti za kisanaa, yaani picha za sura ya mtu, kwa wakati ule. Wawili hao walikuja kukosana vibaya. Hayo yako kwenye sehemu ya Stieglitz hapo chini.

Mbona jina ni la Kijerumani?

Kwao aliitwa Gertrude Stanton. Siku alipotimiza miaka 22, mwaka 1874, aliolewa na Eduard Käsebier, mhamiaji kutoka Wiesbaden, Ujerumani, aliyekuwa akiagiza na kuuza shelaki, ile inayotengenezewa vanishi. Jina hutamkwa karibu na "Kezebia". Mara nyingi huandikwa Kasebier, bila vidoti juu ya herufi, lakini ni mtu yuleyule.

Alikulia wapi?

Utoto wake ulikuwa Colorado, enzi za kukimbilia dhahabu. Baba yake, John Stanton, ndiye aliyekuwa meya wa kwanza wa mji wa Golden. Huko Gertrude aliwaona na kuwazoea Wahindi Wekundu, kama Waswahili walivyozoea kuwaita wenyeji wa asili wa Marekani, na kumbukumbu hiyo ilikuja kuzaa baadhi ya picha zake bora.

Baba alifariki mwaka 1864. Mama akahamia Brooklyn na watoto, akaendesha nyumba ya kupangisha wageni ili maisha yaende. Binti akapelekwa kwa bibi yake mzaa mama mjini Bethlehem, Pennsylvania, akasoma kwenye shule ya wasichana ya Wamoravian, kanisa lilelile lililofika Rungwe, Tanganyika, mwaka 1891. Kwa hiyo alikulia mikononi mwa wanawake waliokuwa wakijitafutia wenyewe. Ukiyajua hayo, hutashangaa alivyosimama imara baadaye kwenye suala la pesa.

Ni kweli ndiye mwanamke wa kwanza kufungua studio?

Hapana, na kumpa sifa hiyo ni kuwanyang'anya wengine haki yao. Bertha Wehnert-Beckmann alikuwa na studio mjini Leipzig, Ujerumani, tangu miaka ya 1840, yaani kabla Gertrude hajazaliwa. Hannah Maynard alifungua yake mjini Victoria, pwani ya magharibi ya Kanada, mwaka 1862. Hata New York kwenyewe, Zaida Ben-Yusuf alikuwa na studio mwaka 1897. Wapo pia wake za wapiga picha waliofanya kazi yote ya chumba cha giza, na kwenye kibao cha mlangoni likaandikwa jina la mume peke yake.

Käsebier alichofanya ni kuifanya kazi hiyo ionekane kuwa ni ya mwanamke kwa haki yake, na ya kumlisha. Mwaka 1898 alihutubia akiwahimiza wanawake wenye kipaji cha sanaa waingie kwenye upigaji picha, akasema wachache waliokwisha kuingia walikuwa wanafanikiwa na wanapata faida. Faida aliitamka waziwazi, bila haya.

## Namna alivyoijifunza kazi

Alianza akiwa na umri gani?

Kamera aliishika kwanza kuwapiga picha wanawe nyumbani. Masomo yalikuja mwaka 1889, akiwa na miaka 37, alipojiunga na chuo cha Pratt Institute, Brooklyn, kusomea kuchora na kupaka rangi. Upigaji picha haukuwa somo la heshima pale, na walimu wake wa sanaa hawakuona kamera kuwa chombo cha msanii. Alichokichukua Pratt ni jicho: namna ya kupanga weusi na weupe ndani ya fremu, na namna ya kuondoa kila kisichohitajika.

Ni lini aliamua kuwa mpiga picha badala ya mchoraji?

Mwaka 1894, Ufaransa. Alikuwa amesafiri kwenda Ulaya kuendelea na masomo, mabinti zake akawaacha kwa wakwe huko Wiesbaden, naye akakaa na wanafunzi wenzake katika kijiji cha Crécy-en-Brie. Siku moja mvua ikawazuia kwenda mashambani kuchora. Akajaribu tu kupiga picha ya mtu ndani ya nyumba, kwa mwanga uliokuwepo, lenzi ikiachwa wazi kwa muda. Matokeo yalimshangaza, na mwenyewe alisimulia baadaye kwamba tangu dakika ile alijua kazi yake ni ipi.

Kinachonigusa zaidi ni yaliyofuata. Majira ya kiangazi kule jua huchelewa sana kuzama, kwa hiyo hakuweza kuanza kusafisha picha kabla ya saa nne usiku. Nyumba haikuwa na maji ya bomba. Mabamba ya kioo ilibidi ayapange juu ya ubao, ayabebe gizani kwenye kijia chenye vichaka pande zote mpaka mtoni, ayasuuze huko, kisha ayarudishe bila kuyavunja wala kuyakwaruza. Mara nyingi alifika nyumbani saa nane usiku au karibu na alfajiri, nguo zimelowa chapachapa. Mwanamke wa miaka 42, mama wa watu, anasuuza vioo mtoni usiku wa manane katika nchi ya ugenini.

Biashara ya studio alifundishwa na nani?

Alikwenda kwanza Ujerumani kusoma kemia ya picha. Aliporudi Brooklyn mwaka 1895 alimkuta mume anaumwa na fedha za nyumbani zimeanza kuyumba. Hapo akaingia kama msaidizi kwa Samuel Lifshey, mpiga picha wa kawaida wa mtaani aliyekuwa na studio Brooklyn. Akafanya kila kitu: kusafisha, kuchapa, kurekebisha dosari kwa mkono, kubandika picha kwenye kadi, kupokea wateja. Kwa msomi wa sanaa huo ulikuwa uanagenzi wa kujishusha, na nadhani ndio uliomtofautisha na wenzake wengi wa vilabu vya kamera ambao hawakuwahi kumpokea mteja mwenye haraka na anayedai chenji.

Mwaka 1896 alionyesha picha zake 150 kwenye klabu ya kamera ya Boston, idadi kubwa kwa mtu mmoja siku hizo. Muda si mrefu akafungua studio yake mwenyewe, na baadaye akahamia barabara ya Fifth Avenue.

## Ndani ya studio

Studio yake ilitofautiana vipi na nyingine?

Fikiria studio ya mwaka 1890. Nyuma kuna pazia kubwa lililochorwa bustani au kasri. Pembeni kuna nguzo ya kuigiza, uzio wa karatasi iliyogandishwa, labda mgomba wa bandia. Mteja anawekewa chuma nyuma ya kichwa ili asitikisike, anaambiwa asipepese macho, na uso unatoka mkavu. Picha ikishasafishwa, fundi anafuta mikunjo na makovu yote.

Käsebier aliyatupa yote hayo. Nyuma ya mteja aliacha ukuta mtupu au kitambaa cheusi. Mwanga aliuacha uingie kutoka upande mmoja. Alizungumza na mtu mpaka akasahau kamera, akamwacha akae anavyokaa siku zote. Wengine aliwafuata majumbani kwao. Lengo lake alilieleza kwa maneno ambayo wapiga picha wamekuwa wakiyarudia tangu siku hizo: alitaka kila picha iwe wasifu wa mtu, ioneshe kile ambacho wengine huita roho, wengine tabia, wengine utu.

Leo jambo hilo linaonekana la kawaida kwa sababu tumelirithi. Wakati wake mteja aliyelipa pesa alitarajia mapazia na nguzo, na ilihitaji ujasiri kumwambia kwamba uso wake unatosha.

Alitumia karatasi na dawa gani?

Alipiga kwa mabamba ya kioo na kuchapa hasa kwa platinamu. Katika karatasi ya kawaida ya enzi hizo, picha hukaa ndani ya utando juu ya karatasi na hung'aa. Platinamu huingia ndani ya nyuzi za karatasi yenyewe, haing'ai, na ina daraja nyingi sana za kijivu kati ya nyeupe na nyeusi. Isitoshe haichakai upesi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja platinamu ikapanda bei kupita kiasi, na wapiga picha wengi wakalazimika kuiacha.

Njia yake ya pili ilikuwa ya gundi: unachanganya gundi ya mgunga, ile ambayo Sudan imeiuzia dunia kwa karne nyingi, na rangi ya mchoraji pamoja na chumvi ya kromiamu inayokamatwa na mwanga. Unapaka kwenye karatasi kwa brashi, unaanika juani chini ya negativu, yaani bamba la picha ambalo weusi na weupe wake umegeuzwa, kisha unaosha kwa maji. Palipopigwa na mwanga rangi inaganda, pasipopigwa inayeyuka. Wakati wa kuosha unaweza kufuta au kuacha kwa mkono wako. Ndiyo maana baadhi ya picha zake zina alama za brashi na watu hudhani ni michoro.

Alipata pesa kweli?

Alipata. Mfano unaotajwa zaidi ni picha yake iitwayo "The Manger" ya mwaka 1899, mwanamke mwenye vazi jeupe na shela ndefu aliyempakata mtoto ndani ya banda la wanyama. Chapa moja ya picha hiyo iliuzwa kwa dola 100, bei ambayo kwa kumbukumbu za wakati huo haikuwa imewahi kulipwa kwa picha ya kamera. Lakini mkate wa kila siku ulitoka kwa wateja wa kawaida: mama na wanawe, bwana harusi, mwandishi anayehitaji picha ya jarida. Magazeti nayo yalimwagiza kazi.

Ni watu gani maarufu walikaa mbele ya kamera yake?

Mchongaji Auguste Rodin alipigwa naye Ufaransa mwaka 1905, akiwa miongoni mwa sanamu zake. Mwandishi Mark Twain yumo. Mwaka 1908 wachoraji wanane wa New York waliojulikana kama The Eight, wakiongozwa na Robert Henri, walipotaka kujitangaza kwa maonyesho yao, walipigwa na Käsebier.

Halafu yuko Evelyn Nesbit, msichana mwanamitindo, ameinamia mbele na kushika kijagi mkononi, macho yanakutazama moja kwa moja. Ilitoka katika toleo la kwanza la jarida la Camera Work, mwaka 1903, kwa jina "Miss N". Miaka mitatu baadaye mume wa Nesbit, Harry Thaw, alimpiga risasi na kumuua msanifu majengo Stanford White, na kesi hiyo ikaitikisa Marekani. Wengi huitazama picha wakitafuta dalili ya mkasa ule. Mimi naona kosa hapo: Käsebier alimpiga binti mchovu kidogo na mwenye akili, na mkasa ulikuwa bado haujatokea.

Alifanya kazi peke yake?

Hapana. Alice Boughton alikuwa msaidizi wake kabla ya kufungua studio yake mwenyewe New York. Alvin Langdon Coburn, kijana aliyekuja kuwa bingwa wa potreti London, alifanya kazi naye pia. Miaka ya mwisho binti yake Hermine ndiye aliyebeba shughuli nyingi. Laura Gilpin, aliyepiga picha za Wanavajo kwa miongo mingi, na Imogen Cunningham wote walimtaja kama mtu aliyewaonyesha kwamba njia ipo.

## Picha za Wasioux

Ilikuwaje mwanamke wa Fifth Avenue akawapiga picha Wasioux?

Mwaka 1898 onyesho la Buffalo Bill, lililoigiza maisha ya magharibi ya Marekani na kuwatumia Wasioux, kabila la wenyeji wa asili, lilifika New York. Waendesha farasi na mashujaa wa Kisioux waliandamana barabarani kuelekea ukumbi wa Madison Square Garden, wakapita mbele ya studio yake. Akakumbuka utoto wa Colorado. Akamwandikia barua William Cody, mwenye onyesho na ndiye Buffalo Bill mwenyewe, akiomba ruhusa ya kuwapiga picha baadhi yao. Cody akakubali, na asubuhi moja ya Aprili wanaume tisa wakafika studio.

Hawakuja hivihivi. Kambini kwao walikuwa wamekaa kikao, wakagawana nguo na mapambo bora kabisa kwa ajili ya waliochaguliwa. Studio akawaandalia chai na chakula, na wakati wakisubiri zamu baadhi yao wakachora kwa penseli. Michoro hiyo aliitunza. Picha hizo hazikuwa za biashara: hazikutumika kwenye mabango wala vijitabu vya onyesho.

Kisa cha Iron Tail kuchana picha ni cha kweli?

Ndiyo, na ndicho kisa ninachopenda kuliko vyote katika maisha yake, ingawa hakimpambi. Käsebier alitaka mtu mmoja ampige bila manyoya wala mapambo, kama wale aliowaona utotoni. Akamchagua Iron Tail. Mzee hakubisha. Akavuliwa kilemba cha manyoya na mapambo yote, akapigwa. Picha ikatoka nzuri mno: uso mtulivu wenye mikunjo ya umri, kichwa kitupu, macho yasiyomwogopa mtu.

Siku chache baadaye akapewa nakala. Akaichana palepale, akisema ni nyeusi mno. Käsebier akampiga tena, safari hii na kilemba chake chote, na mzee akaridhika.

Kila fundi wa studio huku kwetu amewahi kusikia lalamiko hilo la "umenitoa mweusi". Hata hivyo nadhani kulikuwa na zaidi ya mwanga. Iron Tail alikuwa amevaa heshima ya watu wake, na mpiga picha aliivua ili apate Mhindi aliyekuwa akimwaza kichwani mwake. Mteja alidai picha yake, akaipata. Zote mbili zimebaki, na ni vema kuzitazama pamoja.

Je, alikuwa na dharau ya kikoloni kwa watu hao?

Alikuwa mtu wa wakati wake: alizungumzia "Mhindi halisi" kana kwamba ni kiumbe kinachotoweka. Hilo haliwezi kufutwa. Lakini linganisha na wapiga picha waliowapanga wenyeji kama vielelezo vya makumbusho, bila majina. Picha za Käsebier zina majina: Joe Black Fox, Samuel Lone Bear, Flying Hawk. Wako peke yao kwenye fremu, ukuta mtupu nyuma yao, wamepigwa kwa utaratibu uleule aliowapigia mabibi wa Fifth Avenue.

Mfano ulio bora zaidi ni Zitkala-Sa, mwandishi na mpiga fidla wa kabila la Yankton Dakota, aliyepigwa mwaka huohuo wa 1898. Picha moja ameshika fidla, nyingine kitabu, nyingine amevaa vazi la kwao. Hakulazimishwa kuchagua kuwa mmoja tu.

## Mama, mtoto na ndoa

Ile picha ya mama na binti mlangoni inahusu nini?

Inaitwa "Blessed Art Thou Among Women", maneno ya Injili ya Luka ambayo kila anayesali Salamu Maria anayafahamu. Ni ya mwaka 1899. Mama, Agnes Lee, aliyekuwa mwandishi wa vitabu vya watoto, amevaa gauni jeupe pana. Binti yake Peggy amesimama mlangoni na nguo nyeusi, mikono imenyooka, uso umetukabili. Nyuma yao ukutani imetundikwa picha ya Malaika akimpasha Maria habari. Mama ameinama kidogo kuelekea kwa mtoto, kana kwamba anamnong'oneza aende sasa. Hamsukumi, wala hamzuii.

Peggy alifariki akiwa bado mtoto. Mwaka 1904 Käsebier alimpiga Agnes tena, safari hii peke yake, amekaa nje, mikono imeshikana, macho ameyainua juu. Picha ile inaitwa "The Heritage of Motherhood". Kabla ya kusema kwamba Käsebier aliremba umama, ziweke hizi mbili pamoja.

Kwa nini aliusifu umama na ndoa yake mwenyewe ilikuwa chungu?

Kwa sababu aliona umama na ndoa ni vitu viwili mbalimbali. Ndoa yake haikuwa na furaha, na hakuificha: uzeeni alisema kwamba kama mumewe yuko mbinguni, basi yeye angependa kwenda motoni. Karibu mwaka 1915 alipiga picha ya maksai wawili wamefungwa nira na mdomoni wamevalishwa vizuizi, akaiita ndoa. Hawakutalikiana, kwani talaka siku hizo ilikuwa aibu kubwa. Kwa haki ni lazima iongezwe kwamba Eduard hakumzuia kusoma wala kufanya kazi, na masomo ya Pratt yalitokana na fedha zake. Alifariki mwaka 1909.

## Käsebier na Stieglitz

Walikuwa marafiki kweli?

Sana. Mwaka 1902 Stieglitz alipoanzisha kundi la Photo-Secession, lililopigania picha za kamera zitambuliwe kama sanaa kamili, Käsebier alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Toleo la kwanza kabisa la Camera Work lilimpa yeye nafasi ya heshima. Tayari mwaka 1900 alikuwa amechaguliwa kuingia Linked Ring, chama cha wapiga picha cha London, miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kupewa nafasi hiyo.

Ni nini kiliwatenganisha?

Pesa, au tuseme namna ya kuitazama pesa. Stieglitz aliamini msanii wa kweli hauzi kazi kwa wateja. Käsebier aliishi kwa wateja. Mwaka 1906 alijiunga na chama cha wapiga picha wa kulipwa wa New York, na uhusiano ukaanza kuchacha. Mwaka uliofuata Camera Work ileile iliyomtukuza ikachapisha maandishi ya kumkejeli. Mwaka 1912 akajiuzulu Photo-Secession. Mwaka 1916, pamoja na mpiga picha Clarence White na Coburn, akasaidia kuanzisha chama kingine cha kitaifa cha wapiga picha.

Hapa sioni sababu ya kujifanya sina upande. Stieglitz alitoka familia yenye uwezo, na mke wake wa kwanza, Emmeline, alitoka kwenye ukoo wenye mali ya kiwanda cha bia. Aliweza kuidharau pesa kwa sababu haikuwahi kumkosa mezani. Käsebier alikuwa na mume mgonjwa, kodi ya Fifth Avenue na mishahara ya wasaidizi. Picha zilezile ambazo Stieglitz aliziita sanaa mwaka 1899 zilipigwa kwa ajili ya wateja waliolipa, na hazikupungua uzuri walipopewa risiti.

## Maswali ya pembeni

Kwa nini alisahaulika kwa muda mrefu?

Mitindo ilibadilika. Kufikia 1917 Camera Work ilikuwa inachapisha picha kali na kavu za Paul Strand, na ulaini wa platinamu ukaonekana wa kizamani. Studio yake ilifungwa miaka ya 1920. Waliobaki kuiandika historia walikuwa hasa watu wa upande wa Stieglitz. Jina lilianza kurudi taratibu: jumba la makumbusho la MoMA, New York, lilimwandalia maonyesho mwaka 1992, na mwaka 2002 posta ya Marekani ikatoa stempu yenye picha ya Agnes na Peggy.

Mbona picha moja inapewa miaka tofauti?

Kwa sababu negativu na chapa zina tarehe tofauti. Käsebier alirudia kuchapa negativu ileile baada ya miaka, wakati mwingine kwa platinamu, wakati mwingine kwa gundi, huku akibadilisha mipaka ya fremu au kugusa kwa mkono. Picha ya Nesbit ndiyo inayosumbua zaidi. Ukiandika makala, taja mwaka uliotolewa na makumbusho inayohifadhi chapa unayoizungumzia.

Naweza kuziona wapi bila kusafiri?

Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mkusanyiko wake kwenye intaneti, na picha unazipakua bure kwa ukubwa mzuri. Zile za Wasioux ziko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington. Zilitolewa na mjukuu wake. MoMA na Chuo Kikuu cha Delaware nao wana mkusanyiko mkubwa. Tafuta kwa jina lenye vidoti na lisilo na vidoti.

Naruhusiwa kuzitumia kwenye kitabu au maonyesho ya shule?

Picha alizozichapisha enzi za uhai wake hakimiliki yake imekwisha Marekani kwa zile zilizotoka kabla ya 1930, na mwenyewe amefariki zaidi ya miaka 90 iliyopita. Hata hivyo soma maelezo ya jumba unalopakua, maana baadhi huomba watajwe. Kwa picha za Wasioux ongeza adabu: andika jina la mtu aliyepigwa, si la mpiga picha peke yake.

Nimepata picha ya zamani yenye jina lake. Nitajuaje kama ni chapa halisi?

Anza na kioo cha kukuzia. Ukiona vidoti vidogo vilivyopangika kama vya gazeti, hiyo imetoka kwenye kitabu au jarida. Picha laini isiyo na vidoti, kwenye karatasi nyembamba ya Kijapani, inaweza kuwa ukurasa wa Camera Work. Ina thamani yake, lakini si chapa ya studio. Chapa ya platinamu haing'ai hata ukiigeuza mwangani. Mara nyingi karatasi iliyokaa nayo uso kwa uso huwa na kivuli hafifu cha picha ileile, rangi ya kahawia, kwa sababu platinamu huichakaza karatasi inayogusana nayo. Kwa hiyo usiitupe ile bahasha au karatasi ya zamani iliyofunikia picha. Usiisafishe, usiibandike gundi, usiiweke kwenye plastiki. Iache kwenye karatasi isiyo na asidi na uipeleke kwa mhifadhi wa makumbusho pamoja na kila kilichokuja nayo.